Jicho Lisilopimwa

Mtu mmoja aitwaye Semboja, mtengenezaji wa filamu mjini, alikuwa na mama mgonjwa. Aliyemuuguza ni dada yake, Mwanahamisi. Ndiye aliyemwosha na kumlisha uji kwa kijiko. Semboja alikwenda kumwona mara moja tu, na siku hiyo alikwenda na kamera. Mama akafariki, akazikwa, na picha zile zikabaki kwa mwanawe.

Akaazimia kuwaonyesha ndugu wote filamu ya mama siku ya arobaini. Siku hiyo ilipofika, tangu asubuhi alikuwa katika chumba cha kusahihishia rangi za filamu. Kuta za chumba hicho ni za kijivu, hakina dirisha, na skrini yake hupimwa kwa chombo ili isidanganye. Lakini kina sharti lake. Kila baada ya kitambo kazi husimama, taa huwashwa, na wote waliomo hutazama ukuta mtupu, macho yapumzike. Skrini hupimika, jicho la mtu halipimiki. Jicho likikitazama kitu muda mrefu hukizoea, na likishakizoea hukiona ndicho sawa.

Sura ya mama ilipotokea imesawijika, Semboja aliogopa. Ndugu wakimwona mama vile, watauliza mwanawe alikuwa wapi. Akamwambia Kidawa, fundi wa rangi, aongeze wekundu kidogo mashavuni. Kidawa akaongeza. Punde mashavu yakaonekana yamepauka tena, Semboja akaomba kidogo tena, na baadaye kidogo tena. Kidawa alipotaka kuwasha taa, alikatazwa: jioni inakuja, watu watafika. Fundi akaendelea na kazi. Mwenye kazi ndiye mwenye neno, alijiambia, na huo ulikuwa woga wake tu aliouvika adabu. Nyuma yao waliketi marafiki wa Semboja, wakisifu kila nyongeza. Nao macho yao yalikuwa humo humo tangu asubuhi. Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga. Hawakutuambia kimejaa nini.

Ilibaki kubonyeza kitufe tu, kazi ifungwe, filamu ipelekwe ukumbini. Mlango ukagongwa. Semboja alijua ni nani. Alikuwa amemwalika dada yake aje kuona, lakini kwa hila alimtajia saa ambayo kila kitu kingekuwa kimekwisha. Dada kawahi.

Mwanahamisi aliingia akitoka juani. Alisimama mpaka macho yakazoea giza. Akaitazama skrini, akamtazama kaka yake, akairudia skrini. Hakukuwa na dhihaka hata chembe katika sauti yake alipouliza:

"Kaka, huyu nani?"

Rafiki mmoja alianza kucheka, akaacha. Kidawa hakungoja ruhusa tena. Aliwasha taa, akawaacha wakitazama ukuta kwa muda, kisha akaziweka sura mbili kwenye skrini, ya sasa na ya awali, kando kwa kando. Upande mmoja palikuwa na mwanamke mwenye uso wa rangi ya boga, asiye mama wa mtu yeyote mle ndani. Upande wa pili alikuwa mama yao, midomo mikavu, macho yameingia ndani, akimtazama aliyeshika kamera. Semboja ndiye aliyeishika siku ile, na hakuwa amemwona. Sasa akamwona, akajua alikuwa mgonjwa kiasi gani. Akalia kwa sauti, na dada yake hakumnyamazisha. Jioni ile ndugu waliletewa mama kama alivyokuwa. Waliuliza walichouliza, na Semboja akajibu.

Nanyi ndugu zangu, mnaoketi siku zote na wale wale wakiwaambia "safi, safi kabisa": je, anayetoka juani anaruhusiwa kuingia kwenu, au naye mmempangia aje kazi ikiwa imekwisha?