Moto wa Matanga Huombwa

Wazee wetu walipokea kwa wazee wao, nasi tukapokea kwao, kwamba zamani, Injili ilipokuwa bado ngeni huko milimani, aliishi katika kijiji cha Ndambwe mama mmoja mcha Mungu aitwaye Damari. Alikuwa mjane. Mwenyezi Mungu alimjalia mtoto mmoja tu, Mbonea, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anaota ndevu. Nyumba ilikuwa ya watu watatu, wa tatu akiwa mama mkwe wake, Bibi Nakijwa, kikongwe mpole asiyependa kumsumbua mtu.

Mlango wa jirani, upande wa mawio, ulikuwa wa Tabea. Huyu hakujaliwa mtoto, na Mbonea ndiye aliyekuwa kijana wake wa kumtuma. Yeye na Damari walibatizwa siku moja, wakaazimana chumvi na ungo miaka mingi bila neno.

Ikawa siku moja ya masika, Tabea alimwomba Mbonea akamletee mbuzi wake waliobaki ng'ambo ya mto. Kijana akauliza mto ukoje. Tabea akamjibu, "Haujajaa, mwanangu. Nimetoka kuutazama sasa hivi." Mbonea akaenda. Mbuzi walirudi wenyewe kwa njia ya juu, lakini yeye mto ulimchukua, wakamwokota kesho yake chini kwenye mawe.

Sasa, wapendwa, isikilizeni desturi ya watu wale, maana kisa chote kimekaa hapo. Siku ya maziko, moto wa nyumba yenye msiba ulizimwa. Muda wote wa matanga wafiwa walilishwa na majirani. Matanga yakianuliwa, mfiwa alichukua kigae cha chungu akaenda kuomba moto mpya kwenye mlango wa kwanza upande wa mawio, na kwa moto huo nyumba ilirudi kupika na kuishi. Moto wa matanga hauletwi, huombwa. Aliyeupeleka bila kuombwa alihesabiwa kuwa amemwambia mfiwa, "Nyamaza, umelia vya kutosha." Na mfiwa aliyeuruka mlango wa kwanza akaenda kuomba wa pili, alikuwa ametangaza uadui usiokwisha. Viberiti vilikuwa havijafika huko. Hata vingefika, ipo baridi isiyoondolewa na kiberiti.

Matanga yakaanuliwa, na Damari hakwenda. Kwa Tabea hakutaka kubisha, na mlango wa pili hakutaka kuuendea, kwa kuwa aliogopa kutangaza uadui mbele ya Mungu. Basi akakaa katikati, hatangazi uadui wala haumalizi. Mafiga yakawa baridi, majivu yakaota ukungu. Yeye na mkwewe wakawa wanakula ndizi mbivu na kiporo walicholetewa na akina mama wa kanisani.

Kanisani hakukosa hata ibada moja. Lakini ilipofika Sala ya Bwana, alisali na wenzake vizuri mpaka mahali pale pa kuwasamehe waliotukosea, hapo akanyamaza. Wenzake walidhani kilio kimemkaba, wakamhurumia. Kumbe hakikuwa kilio. Sisi tunaoipita sala ile mbio mbio, kama watu waliosahau chungu jikoni, huenda hatujawahi hata kujua kwamba mahali pale pana mlima.

Mwalimu wa kanisa, jina lake Filemoni, akaenda kumwona.

"Mama, nimekusikia ukinyamaza katikati ya sala."

"Ni kweli, Mwalimu. Siwezi kumdanganya Mungu. Nikisema nimemsamehe Tabea, na Mungu anauona moyo huu, nitakuwa nimesali au nimemtukana?"

Mwalimu Filemoni, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa haki. Hakumhubiria. Aliyatazama mafiga, kisha akasema, "Basi usiseme usichonacho. Lakini sala usiiache. Ukifika unaponyamaza, mweleze Baba kwa nini umenyamaza. Yeye hana haraka kama sisi."

Damari akafanya hivyo. Kila asubuhi alikaa kando ya mafiga baridi, akasali, akafika pale, akasema, "Baba, hapa sipiti. Yule mwanamke amenimalizia nyumba." Kisha akainuka akaenda shambani. Amani haikuja. Naye hakuacha kusali, na mimi nasema subira ya namna ile ni imani kubwa kuliko nyimbo nyingi.

Asubuhi moja kulikuwa na mvua ya manyunyu na ukungu ulioingia mpaka ndani. Bibi Nakijwa alikuwa amejikunyata kitandani akikohoa, ndizi mkononi, meno yakigongana hata hawezi kuimeza. Damari akaanza sala yake. Alipofika pa kuomba riziki ya siku, akajisikia mwenyewe akiomba, akayatazama mafiga. Siku hiyo alinyamaza mapema kuliko desturi yake. Riziki alikuwa akiiomba kila siku, na moto wa kuipikia ameukataa.

Akageuka. "Mama, unasikia baridi?"

"Naisikia, mwanangu."

"Mbona husemi?"

"Mbonea wewe ndiye uliyemzaa. Nilikuwa nakungoja."

Damari akachukua kigae, akatoka. Msidhani alitoka akiwa amekwisha kusamehe. Alitoka kwa sababu kikongwe alikuwa akitetemeka.

"Hodi," akaita.

Mlango ukafunguliwa kabla hajaita mara ya pili. Tabea alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. "Karibu, Mama Mbonea," akasema. Tangu maziko hakuna mtu aliyethubutu kumwita Damari kwa jina hilo, kila mmoja akidhani anamwonea huruma. 

"Nimekuja kuomba moto."

Moto ulikuwapo, tena mkubwa, na kando yake makaa mazuri yametengwa juu ya majivu safi. Tangu matanga yalipoanuliwa, Tabea aliyatenga kila alfajiri, na kila jioni akayarudisha mekoni. Kupeleka asingeweza. Akayatia makaa kwenye kigae, akampa, lakini hakukiachia.

"Ngoja kwanza. Usiupokee moto huu kwa mtu usiyemjua. Mto sikuutazama. Nilimwambia nimetoka kuutazama, nami nilikuwa nimeshinda ndani naogopa mvua. Na makaburini, watu waliponiuliza, niliurudia uongo uleule."

Kisha akakiachia.

 Damari alikuwa amekuja na jeraha moja, sasa alikuwa nayo mawili. Hasira ikampanda, kigae kikainama, kaa moja likaanguka sakafuni katikati yao. Tabea akainama, akaliokota kwa vidole vyake vitupu, akalirudisha mahali pake.  Damari akaviona vidole vile vinavyobabuka, na mwenye navyo haviangalii, anaangalia moto usizimike.

Mvua ikazidi nje.

"Itauzima," Damari akasema hatimaye. "Chukua ungo, twende unifunikie."

Wakatoka pamoja, mmoja amebeba moto, mwenziwe ameukinga kwa ungo, nao wenyewe wakilowa.  Bibi Nakijwa alipowaona mlangoni alishuka kitandani, akapiga magoti mbele ya mafiga, akapuliza mpaka kuni zikashika. Wakapika uji. Kabla ya kunywa, wakasali.

Walipofika mahali pale, Damari akanyamaza. Tabea naye akanyamaza, kichwa chini. Ilisikika mvua tu na kuni zikilia. Kisha Damari akasema, si kwa sauti ya kanisani, "Baba, nivushe." Akayasema yale maneno aliyokuwa ameyaacha, moja moja, akiwa amevishika vile vidole vilivyoungua. Bibi Nakijwa akaimalizia sala.

Wanaosimulia wanasema Damari aliendelea kumlilia mwanawe miaka mingi, kwa kuwa imani haimfanyi mama kuwa jiwe. Jumapili iliyofuata Tabea alisimama mbele ya kanisa akasema kweli yake yote, na Damari akakaa karibu naye. Na kila masika, siku ya kumkumbuka Mbonea ilipofika, Damari aliuzima moto wake kwa hiari, akachukua kigae, akaenda kubisha hodi mlango wa mawio. Uzeeni wakamuuliza ni lini alipata ile amani aliyokuwa nayo usoni. Akajibu, "Niliomba amani, nikaambiwa nikaombe moto."

Nasi tunaomba, ndugu zangu. Tunaomba Mola atushushie amani, na tunalalamika kwamba imechelewa. Pengine imekwisha kushuka siku nyingi. Ipo jikoni kwa mtu fulani, inachochewa kila alfajiri, na mwenye nayo hana ruhusa ya kutuletea. Mungu atujalie kigae, na miguu ya kwenda.