Chenga za Njano

Anayechukizwa na jongoo humwinua kwa kijiti na kumtupa mbali. Akirudi ndani na kijiti kile kile mkononi, harufu ya jongoo huingia naye. Jambo hili ni jepesi kulieleza. Kiwanda kimoja cha vyombo vya plastiki kilichelewa sana kulielewa.

Kiwanda hicho kilitengeneza vikombe vya watoto, vya njano iliyokolea kama kiini cha yai. Mkaguzi wa viwango alipogundua kuwa rangi hiyo ina madini ya risasi, vikombe vilirudishwa kutoka madukani, lori baada ya lori. Mwenye kiwanda alimwita msanifu wake wa vyombo, ambaye alikuwa binti wa dada yake, akamwagiza atafute rangi nyingine.

Msanifu alichagua rangi isiyo na risasi. Akachongesha upya kalibu inayokipa kikombe umbo, kiwe chembamba na kitumie plastiki kidogo.

"Njano gani hii?" mjomba alilalamika. "Kama ina homa."

"Homa hupona, Mjomba. Mtoto aliyedhurika kwa risasi haponi."

Kipimo cha kwanza: risasi ipo. Waliosha tumbo la mashine, wakapima tena. Risasi imepungua, lakini ipo. Mkaguzi, mtu asiyepoteza maneno, alisema kipimo cha tatu kikishindwa lango litatiwa kufuli. Kuanzia siku hiyo wafanyakazi walisalimiana kwa sauti za msibani.

Sasa, kiwanda hicho kilikuwa na desturi moja ya kujivunia: hakikutupa kitu. Mabaki ya kalibu na vikombe vyenye kasoro vilisagwa, na chenga zake zikachanganywa na plastiki mpya. Msanifu ndiye aliyeianzisha, dampo la mji lilipofurika. Alisifiwa kwayo hata akaacha kuifikiria. Mashine ya kusagia ilishikwa na mwanamke mwenye ulimi mwepesi, aliyeitwa Mama Kinu.

Alasiri moja msanifu, macho yamemwiva kwa uchovu, alivunja kikombe kipya akatazama palipovunjika kwa kioo cha kukuzia. Ndani ya njano iliyofifia mlikuwa na michirizi ya njano ya zamani. Akainuka, akaenda kwenye kinu.

"Mama, unasaga nini?"

"Vile vikombe vilivyorudishwa. Si ulisema mwenyewe hapa hakitupwi kitu? Mbona unanitazama kama nimekuibia mume?"

Msanifu aliketi juu ya gunia la chenga. Ni kweli, alikuwa amesema. Alibadilisha rangi, kalibu na unene, asiulize chenga zinatoka wapi.

Mjomba, alipoitwa pale kinuni, hakukubali upesi chenga zitupwe. "Hizo chenga ni mali. Na wewe ndiye uliyetuhubiria mazingira!"

"Kusaga sumu na kumrudishia mtoto mdomoni si mazingira, Mjomba. Wala dampo haziendi. Zitafungwa kwenye mapipa, zipelekwe wanakohifadhi taka za sumu."

"Zote?"

"Zote. Na visu vya kinu, na chujio, na makopo ya kupimia."

"Basi nitieni na mimi pipani," alisema Mama Kinu. "Vumbi lake nimelimeza mimi."

"Wewe kesho unakwenda kupimwa damu," msanifu alimwambia.

Vikombe vilivyofuata vilitengenezwa kwa plastiki mpya tupu. Mkaguzi alisema "vimepita" kwa sauti ile ile aliyosemea "vimeshindwa", akaenda zake. Lango lilibaki wazi. Watu walirudi kwenye mashine zao kama wagonjwa wanaojaribu miguu.

Lori la taka za sumu lilipofika, msanifu alipanda ofisini kumwarifu mjomba. Alimkuta akinywa chai katika kikombe cha njano iliyokolea.

"Na hicho, Mjomba."

"Hiki? Hiki ndicho cha kwanza kabisa kutoka kwenye kalibu, mwanangu. Acha nizeeke nacho."

"Siku kikivunjika kitaishia kinuni."

Mzee akamwaga chai dirishani, akashuka ngazi polepole, akakitia mwenyewe katika pipa la mwisho. Mama Kinu akagongelea kifuniko.

Mtupa jongoo hutupa na mti wake.