Kwa Nini Herufi za Vitabu ni za Mviringo

Ninyi mnaolalamika kwamba kusoma kunachosha, sikilizeni. Kuna wakati huko Italia herufi zilibanana kama kuni kwenye tita, nyeusi, zenye pembe kali. Ngozi za kuandikia zilikuwa adimu, basi waandishi walibana maneno, na msomaji akaumia macho.

Katika mji mmoja wa milimani aliishi Mwalimu Baldo, aliyependa vitabu vya Warumi wa kale kuliko chakula. Wenzake walimcheka, wakimuuliza watu waliokufa zaidi ya miaka elfu iliyopita wana nini cha kumfundisha. Aliwajibu kuwa mwacha asili ni mtumwa. Lakini alipotimiza miaka sitini macho yake yalipungua nguvu, na hofu ikamwingia, maana kwake kusoma ndiko kulikuwa kuishi.

Binti yake Ghita, mnakili wa vitabu, alimshika mkono wakapanda hadi nyumba ya watawa, walikosikia kuna sanduku la vitabu vilivyosahaulika. Chini kabisa, kwenye mavi ya panya, walikuta hotuba za Mrumi mmoja. Ghita alitaka kumsomea. Baldo akamzuia, akainama, akasoma mwenyewe mstari mzima. Herufi zilikuwa za mviringo, zimeachiana nafasi. Mzee alilia bila aibu, akasema kumbe hivi ndivyo Warumi walivyoandika.

Ghita akajifunza mwandiko ule mwaka mzima, huku waandishi wenzake wakinung'unika kwamba anaharibu ngozi. Alipomaliza kitabu cha kwanza, mtawa mtunza sanduku akaja na habari chungu. Mwandiko ule haukuwa wa Warumi hata kidogo. Ulikuwa wa watawa walionakili hotuba zile karne nyingi baadaye. Ghita aliona haya, akaweka kalamu chini.

Baldo akamwambia, "Mwanangu, bila watawa hao, Warumi wasingenifikia. Na bila wewe nisingewasoma. Andika."

Nawapenda watu wale, na kosa lao nalipenda pia. Walimtafuta babu wakampata baba, wakamheshimu vivyo hivyo. Baldo alisoma kwa macho yake mpaka alipokufa.

Na tangu Ghita aliposhika tena kalamu, waandishi waliuiga mwandiko wake, na wachapaji wakawaiga waandishi. Hata leo, ukifungua kitabu cha mtoto wa darasa la kwanza, mwandiko unaouona ni wa mtawa tusiyemjua jina, aliyejitaabisha ili maneno ya marehemu mmoja yasipotee.