Nungunungu na Wimbo wa Kinuni

Paukwa!

Pakawa!

Wakubwa mpo? Watoto mpo? Basi acheni minong'ono, mnisikilize.

Hapo zamani za kale, kabla ya mashine za kusaga, wanyama walikuwa na kinu kimoja kikubwa. Walitwanga mtama pamoja, na kila aliyetwanga alirudi kwake na kikapu cha unga. Michi mingi, kinu kimoja, kwa hiyo walitwanga kwa wimbo. Mmoja anaita, wengine wanafuata. Na desturi yao ilikuwa hii: anayefika kinuni wa kwanza ndiye anayeita. Kila siku alikuwa Kongoni.

Jioni moja Kanga, mpepetaji wao, alimfuata Nungunungu nyumbani. Ndiye wa kwanza kumwambia.

"Shoga, kesho wanakutoa kinuni. Wanasema hujui mapigo."

Nungunungu alikaa chini. Aliwatazama wanawe wawili wakilamba chungu cha uji.

"Mapigo nayajua," alisema. "Nimechoka tu, shoga. Nimechoka kabisa."

Hata nyinyi mngechoka. Kongoni aliita hivi: "Wenye kwato, inueni. Wenye kwato, shusheni." Puu. Puu. Puu. Nungunungu hana kwato. Ana vidole na kucha. Siku ya kwanza aliinua mchi, wakacheka. Nyumbu akasema, "Tazameni, Nungunungu ameota kwato." Siku ya pili akasubiri aitwe. Akasubiri, akasubiri. Wakasema ni mvivu. Siku ya tatu akainua kwa kusitasita, mchi wake ukagongana na wa Nyumbu. Ko. Wakasema hajui mapigo. Sasa afanye nini? Hebu niambieni, afanye nini?

Jioni ile ile alikwenda kwa Kongoni. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilitoka.

"Kaka Kongoni, ukisema wenye kwato, mimi niko wapi?"

"Umo humo humo, dada. Unaeleweka tu."

"Mbona nikiinua mchi mnacheka?"

"Utani huo. Usiwe na miiba mpaka moyoni."

"Kobe naye aliuliza. Mkamjibu hivyo hivyo, akaacha kazi."

"Kobe ni mzito. Dada, tangu babu zetu tunaita hivyo. Neno tu hilo."

"Kama ni neno tu, libadilishe."

"Aa. Mdomo umeshazoea."

Nungunungu alishusha pumzi, akarudi nyumbani.

Asubuhi yake, kabla jogoo hajanyamaza, alikuwa amekwisha kufika kinuni. Kongoni akaja, akamkuta amesimama mahali pa kuita. Desturi ni desturi. Akashika mchi kama wengine.

Nungunungu alishika mchi wake. Akaita, "Wenye miiba, inueni."

Akainua yeye peke yake. Wenye kwato wakatazamana. Nyumbu akainua nusu, akashusha. Swala naye akainua, akaona aibu, akashusha. Ko, ko, ko. Michi ikagongana, mtama ukamwagika.

"Na sisi je?" akauliza Kongoni.

"Mmo humo humo, kaka. Mnaeleweka tu."

Kanga akajificha nyuma ya ungo, mabega yakimcheza. Wengine hawakucheka. Kongoni aliutazama mtama ulio chini. Akazitazama kwato zake. Akavitazama vidole vya Nungunungu, kama anaviona leo.

"Basi, dada," alisema. "Ita vizuri, tutwange. Jua linapanda."

"Watwangaji, inueni. Watwangaji, shusheni."

Puu. Puu. Puu. Hakuna mchi uliogongana, na hakuna aliyezungumza tena habari ya kumtoa mtu. Kikapu cha Nungunungu kilijaa kabla jua halijafika utosini. Akajitwika. Lakini hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alipita kwanza kwa Kobe, akagonga gamba lake, akamwambia wimbo umebadilika.

Funzo ni hili: mnaofanya kazi pamoja, itaneni kwa neno linalomchukua kila aliyeshika mchi. Usimwache mwenzako nje ya neno, halafu ukamlaumu kwa kuchelewa.

Hadithi yangu imeishia hapo, na vyombo bado havijaoshwa.