Chatu Wawili wa Zimwi

Paukwa!

Pakawa!

Kaeni vizuri, maana nikishaanza sirudii.

Hapo kale palikuwa na mjane, Nyamvula, na binti yake mmoja, Mbodze. Siku moja walikwenda kuokota kuni, wakaingia msitu wa zimwi bila kujua. Zimwi likamkamata Mbodze.

"Huyu kitoweo changu."

"Nihurumie, bwana. Sina mwingine."

Zimwi likatoa kikapu. Ndani mlikuwa na watoto wawili wa chatu, wembamba kama vidole.

"Basi nilelee wanangu. Mimi kulea kunanichosha. Lakini siku watakayokosa chakula, watamla Mbodze."

Basi, Nyamvula akawa mlezi wa nyoka. Akawajengea banda. Kila asubuhi aliwakamatia mijusi, na kila walipomaliza kuwalisha alimwambia Mbodze, "Nawa kwa majivu. Chatu haangalii mkono, ananusa kitoweo."

Siku moja wakajivua magamba.

"Mama, tumekua. Hiki hakitutoshi."

Basi, akatega panya. Mgongo ukamuuma, shamba likaota magugu. Akalisha, akanawa.

Wakajivua tena. Sasa walikuwa wanene kama mchi.

"Mama, tumekua. Hiki hakitutoshi."

Basi, akawapa kuku, mmoja mmoja, mpaka akabaki mtetea peke yake. Hakukumbuka lini alikaa kitako mara ya mwisho.

Wakajivua mara ya tatu. Walikuwa wanene kama kinu.

"Mama, tumekua. Hiki hakitutoshi."

"Hata mimi sijitoshi," Nyamvula akajibu. "Leo mtakula hicho hicho."

Alikuwa anamfunga mtetea miguu zimwi lilipotokea. Likampokonya mtetea, likamla mbichi na manyoya yake, damu mpaka kwenye viwiko.

"Ala! Hicho chakula cha wanao!"

"Basi leo wamekosa," zimwi likacheka. "Mlete Mbodze. Ngoja niwatoe wanangu."

Mbodze akajibana nyuma ya mama yake. Nyamvula akalionyesha zimwi majivu.

"Nawa kwanza, bwana. Majivu hayo hapo."

"Ninawe? Tangu lini baba akanawa ndipo amshike mwanawe?"

Likatia mikono yote miwili bandani.

Chatu wakanusa kuku. Mmoja akadaka mkono, mwingine akalizonga shingo.

"Ni mimi! Baba yenu!"

Baba hawakumjua. Walimjua kuku tu. Wakabana, wakabana, wakabana. Jua lilipotua, zimwi halikuwepo.

Chatu wakajikokota kwenda msituni na matumbo yao yaliyojaa, wala hawakusema, "Mama, tumekua." Nyamvula akafagia banda, akanawa, akajinyoosha mkekani. Mbodze akamwita ale. Hakusikia, usingizi ulikwishamchukua.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mtoto humjua amlishaye. Kujiita baba hakutoshi.

Haya, inukeni mkanawe. Chakula kinapoa.