Vumbi la Upande wa Pili

Vumbi halifi, huhama. Ndivyo mama wa mizani alivyomjibu mwenzake asubuhi hii, nanyi vijana mkacheka mkidhani anasema habari za kufagia. Kisha mkataka kujua nani aliyeanza kusema hivyo. Kaeni basi, maana methali hii si ya kale kama mnavyofikiri, na mababu zenu hawakuijua. Ilizaliwa hapa hapa Isanzwa, katika ofisi ya ushirika wa alizeti, mwaka kilipoletwa kipuliza vumbi cha kwanza, na mwanzo wake ulikuwa huu.

Ofisi ya ushirika wakati huo ilikuwa chumba kimoja kirefu kilichogawanywa kwa ukuta wa mbao. Ukuta wenyewe haukufika darini. Mbao ziliisha njiani, na kamati ikaamua kwamba mtu hana haja ya ukuta unaompita kimo. Upande wa kulia zilikuwapo kompyuta tatu chini ya uangalizi wa Ntandu, kijana aliyesomea mambo hayo Dodoma. Upande huo ulitandikwa zulia la buluu, kwa kuwa ndiko walikopokewa wageni. Upande wa kushoto palikuwa na sakafu tupu ya saruji, kompyuta moja ya zamani, na Bi Mwanaidi.

Bi Mwanaidi ndiye aliyetunza daftari la wanachama. Alilitunza miaka ishirini na miwili, kwanza kwa kalamu, baadaye kwa kompyuta. Alijua nani mtoto wa nani, nani ametangulia mbele ya haki, na shamba la nani limerithiwa na nani. Mkulima akisahau namba yake ya uanachama, Bi Mwanaidi alimtajia kabla hajamaliza kusalimia. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu.

Vumbi la Isanzwa mnalijua. Ukifuta meza saa mbili, saa nne unaandika jina lako juu yake kwa kidole. Msimu wa alizeti huongezeka makapi, na hayo huingia hata kwenye chai. Kompyuta za Ntandu zilikuwa zikijaa vumbi matumboni, naye alihangaika nazo kwa brashi ya rangi na kwa pumzi zake mwenyewe, akipuliza mpaka kichwa kinamzunguka. Ndipo katibu wa ushirika, Mzee Kitundu, aliporudi safari na kipuliza cha umeme. Kilifanana na draya ya saluni, ila hakikuwa na waya. Kilichajiwa kama simu. Ukibonyeza, kilinguruma na kutoa upepo mkali katika mdomo wake mwembamba. Haikupita wiki watu wakakibatiza jina: Kipupwe.

Ntandu alikipenda Kipupwe kama mtu anavyopenda baiskeli yake ya kwanza. Kila Ijumaa saa sita, wenzake wakienda kuswali na kula, alibaki peke yake. Alifunga dirisha na mlango ili upepo wa nje usimletee vumbi jipya. Alifungua vifuniko vya kompyuta, akashika kwa kidole kile kifeni cha ndani kisizunguke ovyo, akapuliza. Siku ya kwanza vumbi lilimrudia usoni akapiga chafya kumi na moja. Ijumaa iliyofuata akapata akili: akaweka feni ya mezani nyuma ya mgongo wake, ili upepo wake ulipeleke wingu mbele. Wingu liliinuka, likasogea, likapotea. Alifuta meza, akakung'uta zulia kwa Kipupwe hicho hicho, akafungua mlango.

"Limekwisha," alikuwa akisema, na wenzake wakirudi wanasifu.

Hakujiuliza limekwenda wapi. Tusimcheke sana kwa hilo. Nani kati yetu huuliza takataka yake imelala wapi baada ya kuitupa?

Miezi mitatu ikapita. Katika miezi hiyo Bi Mwanaidi alianza kuugua siku za Ijumaa. Akirudi kutoka msikitini alikohoa, macho yakamtoka machozi, kifua kikambana, na ilipofika saa tisa alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda kupumzika. Jumatatu alirudi mzima. Ofisi ikampa jina na yeye: wakasema ana mafua ya Ijumaa, ugonjwa wa wanaotaka wiki iishe mapema. Ntandu naye alicheka. Alimpenda mama yule, lakini mzaha ukishazoeleka kinywani hautuulizi tena kama ni kweli.

Kisha kompyuta ya Bi Mwanaidi nayo ikaugua. Ilipata joto, ikanguruma, ikajizima katikati ya kazi. Ikatengenezwa, ikajizima tena. Mara ya tatu ilijizima siku wakulima wamepanga foleni mpaka barabarani, nao wakarudishwa makwao na magunia yao. Mzee Kitundu alikasirika. Katika ofisi ile kila mtu aliwajibika kwa mashine aliyoitia saini, na hiyo ilikuwa na saini ya Bi Mwanaidi. Akamtaka Ntandu aitazame na kuandika sababu.

Ntandu alikuwa na haraka. Alimulika tochi ya simu kwenye matundu ya nyuma, akaona vumbi limejaa, akaandika maneno matatu: uchafu wa mtumiaji. Hakuyaandika kwa chuki. Aliyaandika kama mtu anavyoandika tarehe.

Lakini maneno yakishaandikwa hupata miguu. Wiki iliyofuata ikajulikana kwamba kamati itakaa Alhamisi, na kwamba Bi Mwanaidi ataondolewa kwenye daftari apelekwe ghalani kuhesabu magunia. Ghalani mnakujua, huko makapi huelea hewani kutwa. Kwa kifua kile, kila mtu aliona kwamba hatamaliza msimu, ataomba mwenyewe kuacha kazi, na miaka yake ishirini na miwili itaishia hapo.

Jumatano mchana Ntandu alipita upande wa kushoto akamkuta anafunga kikombe chake katika kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mbona unafunga vitu, na kikao bado?"

"Hicho cha kesho ni cha kunisomea tu, mwanangu. Uamuzi umeshapita."

 Ntandu akaitazama kompyuta. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mama mwenyewe, kimefuliwa na kupigwa pasi.

"Kila asubuhi naifuta," alisema Bi Mwanaidi. "Jioni naifunika. Sakafu napiga deki kwa mkono wangu. Nakosea wapi, Ntandu? Wewe ndiye umesoma, niambie."

Neno lile lilimchoma, kwa sababu yeye ndiye aliyekwisha jibu swali hilo kwenye karatasi. Akamwambia aende akale, naye ataipuliza mashine. Labda kamati ikiiona inafanya kazi itaghairi. Bi Mwanaidi akamshukuru akatoka.

Ntandu akaleta Kipupwe. Akafunga dirisha na mlango, akaweka feni nyuma ya mgongo wake kama alivyozoea, akafungua kifuniko. Vumbi ndani lilikuwa zito kama blanketi la zamani. Alipolibandua kwa vidole aliona limechanganyika na manyoya membamba ya buluu. Akashangaa, kwa maana chumba kile hakikuwa na kitu cha buluu. Kanga ya mama ilikuwa nyekundu, kitambaa cheupe, sakafu saruji. Akaliweka bonge lile kando, akapuliza mpaka chuma kikang'aa, akafuta meza, akarudi kwake.

Meza yake ilikuwa imejaa vumbi.

Alikuwa ameifuta asubuhi ile ile. Vumbi lilikuwa juu ya kibodi zote tatu, juu ya kiti chake, na jingine lilikuwa bado linashuka taratibu kutoka juu ya ukuta wa mbao. Ntandu akautazama ukuta, akalitazama zulia la buluu chini ya miguu yake, na hapo akaelewa yote. Akaelewa mafua ya Ijumaa. Alijiona akicheka na wenzake, akaona aibu ambayo hajawahi kuiona, akakaa juu ya kiti kile kile chenye vumbi.

Msidhani ilikuwa rahisi kwake. Kipupwe ndicho kilichompa jina. Kamati ilikuwa ikisema atafanywa mkuu wa mitambo yote ya ushirika, pamoja na kinu kipya cha kukamulia mafuta. Na hakuna aliyeona. Angefagia lile bonge, angeanza kufungua dirisha kimyakimya kila Ijumaa, na dunia ingeendelea. Usiku kucha aliligeuza jambo hilo, na mara mbili aliamua kunyamaza.

Alhamisi kamati ikakaa. Mzee Kitundu alivaa miwani, akaisoma taarifa, akafika kwenye yale maneno matatu. Bi Mwanaidi alikuwa ameketi karibu na mlango, mikono mapajani. Hakuinua macho.

Ntandu akasimama.

"Mzee, hayo maneno ni yangu. Naomba kuyafuta."

"Uliyaandika wiki iliyopita," alisema Mzee Kitundu. "Leo yamekuwaje?"

"Niliyaandika kabla sijafungua mashine. Jana nimeifungua." Akaliweka bonge la vumbi juu ya meza, ndani ya karatasi. "Tazameni rangi yake. Hayo ni manyoya ya zulia la upande wangu. Kila Ijumaa nilipuliza kompyuta zangu nikiwa nimefunga dirisha, na feni nimeielekeza kwenye ukuta. Vumbi lilipanda likavuka. Mama alirudi akalikuta linashuka, akalivuta yeye na mashine yake. Sisi tukamwita mgonjwa wa Ijumaa."

 Mjumbe mmoja aliyezidi wote kwa mzaha ule alianza kukitazama kiatu chake.

Mzee Kitundu aliivua miwani. Alikuwa mtu mwema, lakini mwenye haraka ya kufunga mafaili. "Basi jambo limekuwa wazi," alisema. "Bi Mwanaidi hana kosa, abaki na daftari lake. Kosa ni la Ntandu. Ameharibu mali ya ushirika na ameandika taarifa ya uongo. Aende ghalani yeye. Katibu msaidizi, futa jina la kwanza, andika la pili."

Wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Ilionekana haki, tena haki nyepesi, karatasi ile ile, jina tu ndilo linabadilika.  Ntandu aliona amestahili.

"Naomba neno," alisema Bi Mwanaidi.

Hakuwa na desturi ya kuongea vikaoni, na wote wakamgeukia.

"Huyu kijana alidhani vumbi likiondoka mezani kwake limekufa. Vumbi halifi, Mzee Kitundu. Huhama. Lilitoka kwake likaja kwangu. Na sasa ninyi mmelikuta kwangu, mnalipuliza lirudi kwake, kisha mtafuta meza mseme limekwisha."

"Sasa kosa ni la nani, mama?" aliuliza Mzee Kitundu. "Lazima liwe la mtu."

"Ukuta mfupi nani aliupitisha? Kipuliza nani alikileta bila kuuliza kinatumiwaje? Mafua ya Ijumaa nani hakucheka? Mimi mwenyewe nimekohoa miezi mitatu nisimwambie mtu, kwa kuona haya. Mkitafuta meza ya kulimwagia, humu ndani kila mtu anayo." Akakohoa kidogo, akangoja kifua kitulie. "Fungueni mlango, baba zangu. Litoke nje."

Mzee Kitundu akaiweka kalamu chini. Alikumbuka vizuri ni nani aliyesema ukuta usimpite mtu kimo. Kisha akaichukua ile taarifa, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwake, na hakuna aliyeiona tena.

Ijumaa iliyofuata kompyuta zote nne zilibebwa barazani. Mzee Kitundu alibeba moja kwa mikono yake, akilalamika mgongo njia nzima, na yule mjumbe wa mzaha akabeba nyingine bila kutania. Ntandu alijifunga kitambaa puani, akasimama upande unakotoka upepo, akapuliza kuelekea kule palipokuwa na jalala. Vumbi likaenda zake na upepo. Bi Mwanaidi alikaa ndani, dirisha wazi, akiandika majina ya wanachama wapya mpaka saa kumi na moja, na aliporudi nyumbani alisalimia watu njia nzima kwa sauti yake ya zamani. Ntandu hakupewa kinu mwaka ule. Alipewa miaka miwili baadaye, na barua ya kumpendekeza iliandikwa na Bi Mwanaidi, wiki aliyostaafu.

Tangu hapo, watu wa Isanzwa wakimwona mtu anajisafisha kwa kumchafua jirani, au kikao kinatafuta kichwa kimoja cha kubebeshwa lililo la wengi, hawagombi. Huegemea kiti, wakautazama mlango, wakasema: vumbi halifi, huhama.