Sare ya Bwawani

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, hata wanyama walikuwa na uchaguzi. Msicheke. Na uchaguzi uliwachosha kama unavyotuchosha sisi.

Wanyama wa bonde moja kavu walikuwa na bwawa moja tu, limezungushiwa ua wa miiba. Desturi yao ilikuwa hivi: mwenyekiti wa bwawa akifa, ua unafungwa, na hakuna anayeingia kunywa mpaka apatikane mwenyekiti mpya aufungue. Wagombea peke yao ndio hukaa ndani, eti wanalinda maji.

Mwaka huo waligombea wawili, Mzee Kiboko na Bwana Kifaru. Kazi ya kuhesabu kura akapewa Mama Pimbi, yule mnyama mdogo wa miambani, kwa sababu hakuna aliyemwogopa.

Akahesabu. Ishirini kwa ishirini. Sare.

Wakaenda duru ya pili. Ishirini kwa ishirini. Wakaongeza muda, labda kuna waliochelewa. Jioni wakafika kobe wawili, mtu na mkewe, wanahema. Mume akampa Kiboko, mke akampa Kifaru. Mama Pimbi aliketi chini akashika kichwa.

Mmoja akauliza habari ya kura ya turufu, ile ya kuvunja sare. Akajibiwa kwamba kura ya turufu ni ya mwenyekiti, na mwenyekiti ndiye marehemu. Wakarusha kifuu, kikajikita kwenye tope, wima. Wagombea wakapigana miereka, wakasukumana puu! puu! asubuhi mpaka adhuhuri, hakuna aliyeanguka. Kisha wakaenda kunywa maji, maana wao walikuwa ndani.

Siku ya nne ikafika. Mama Pimbi alikuwa na watoto watatu, na yule mdogo alikuwa ameacha kulia. Mtoto mwenye kiu akiacha kulia, mama yake huogopa. Mama Pimbi aliogopa sana, nami nikifika hapa huwa nakasirika.

Akaenda kwenye ua, akawaita wale wakubwa kwa adabu.

"Shikamooni wazee. Wapiga kura wamechoka, hawawezi tena kusimama foleni. Tuamue kwa kazi. Kila mmoja achimbe mfereji kuanzia kwenye maji. Mwenye mfereji mrefu zaidi ndiye mwenyekiti."

"Na mwisho wake wapi?" akauliza Kifaru.

"Mwisho ni pale mmoja atakapochoka."

Basi hilo likawaingia. Nani akubali kuchoka kwanza? Kiboko akauliza wachimbe kuelekea wapi. Mama Pimbi akamwonyesha Kiboko upande wa miamba, na Kifaru upande wa vichaka wanakokaa digidigi na kobe. Pande zote mbili ziliteremka kutoka bwawani, lakini wale mabwana hawakuuliza habari za mteremko.

Wakaanza. Kiboko alilima kwa kifua, Kifaru kwa pembe, udongo unaruka. Wakapita chini ya ua wa miiba, wakauacha nyuma. Hakuna aliyegeuka kutazama, maana kila mmoja alidhani akigeuka mwenzake atasema anaogopa. Na maji yakawafuata taratibu, churu churu, mpaka kwenye miamba, mpaka vichakani.

Jua lilipoinama wote wawili wakaanguka kifudifudi, kwa wakati mmoja. Kiboko akaita kwa sauti iliyokauka, "Mama Pimbi! Njoo upime!"

Mama Pimbi alikuwa ukingoni mwa mfereji, anamnywesha yule mdogo kidogo kidogo asipaliwe. Hakuinuka.

"Leo siji, mzee," alisema. "Nimechoka kupima."

"Lakini mnakunywa!" Kifaru akanguruma kutoka upande wa pili. "Sheria inasema mtu asiende bwawani!"

"Hatujaenda, Bwana Kifaru. Tuko nyumbani kwetu."

Kifaru akauliza kwa unyonge, "Sasa mwenyekiti ni nani?"

Mama Pimbi alitazama huku na huku. Digidigi walikuwa wanakunywa, kobe na mkewe wanakunywa, na hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa kumjibu.

"Pigianeni kura wenyewe," akasema. "Mkipata mshindi, mtuambie."

Basi shikeni hili, mkalale: wanaogombea ukubwa wana muda mwingi, mwenye kiu hana.